Elimu si Zawadi ya Jukwaani

Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere Machi 1967, ilitaka shule ijenge moyo wa ushirikiano, isizae tabaka la wachache wanaojiona bora kuliko wenzao. Kwa kipimo hicho hatuna budi kuyachambua mashindano yanayowapandisha wasichana wa sekondari jukwaani ili mmoja wao apewe fedha za masomo.

Chimbuko lake ni Marekani. Shindano la Miss America lilianza mwaka 1921 katika mji wa Atlantic City, na shabaha yake ilikuwa kurefusha msimu wa watalii kwa faida ya wenye biashara. Ufadhili wa masomo uliongezwa mwaka 1945. Mwaka 1958, mjini Mobile, jimbo la Alabama, likaanzishwa shindano la wasichana wanaomaliza sekondari, ambalo hupima masomo, mahojiano na vipaji. Hiyo ni hatua mbele. Lakini msingi haukuguswa: pale ambapo elimu ya juu inauzwa, binti wa maskini analazimika kuwapendeza waamuzi ndipo asome.

Hapa kwetu Miss Tanzania lilifanyika mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, na likapigwa marufuku mwaka 1968. Oktoba 1968 Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Nia ilikuwa kulinda utamaduni wa Taifa. Utekelezaji ulipotoka, kwani wasichana walisumbuliwa na vijana wa kiume katika mitaa ya Dar es Salaam. Jukwaa lilimkagua msichana ili limtuze. Operesheni ilimkagua ili imwadhibu. Katika yote mawili hakuulizwa neno.

Mwaka 1994, baada ya uchumi kulegezwa, shindano lilirudi pamoja na wadhamini na matangazo yao. Hatuwabezi washiriki. Nancy Sumari, mshindi wa mwaka 2005, baadaye aliandika Nyota Yako, kitabu cha watoto kuhusu wanawake viongozi. Sifa hiyo ni ya juhudi yake, si ya mizani iliyompima.

Sasa tutazame Dirma, katika wilaya ya Hanang. Wako watakaosema mashindano haya yanaharibu mila. Hoja hiyo haitoshi, kwa sababu mila hizo hizo zimetumiwa kuwaoza mabinti mapema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, mpaka Mahakama Kuu ilipokataa vifungu hivyo mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani kuthibitisha mwaka 2019. Lakini Wabarabaig wanalo pia girgwageda gademga, baraza la wanawake linalomhukumu mwanamume aliyemkosea mwanamke na kumtoza ng'ombe. Humo mwanamke ni mwamuzi, si bidhaa. Huo ndio utamaduni wa kukuzwa.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kinachomzuia binti wa mfugaji ni umbali wa shule, uhaba wa mabweni, kazi za nyumbani na posa. Taji halimalizi hata kimoja kati ya hivyo. Mmoja anapigiwa makofi. Wenzake wanarudi kisimani. Tena waraka wa Novemba 2021 uliwarudisha shuleni wasichana waliojifungua, ilhali kanuni za mashindano mengi ya urembo zimewafungia mlango akina mama.

Kwa hiyo wajibu wa kada ni wazi. Mfadhili akija, aulizwe kama fedha yake itajenga bweni au itapamba jukwaa. Ufadhili ugawiwe kwa mahitaji na bidii, hadharani, na kamati yenye akina mama ndani yake. Wasichana washindane katika midahalo, sayansi na michezo, washinde na kushindwa kama wanafunzi wengine. Lakini haki ya kusoma isiwekwe kuwa dau la shindano lolote.