The Siege: Utabiri au Matusi?

Watazamaji wa The Siege, filamu ya Edward Zwick iliyotoka Novemba 1998, mpaka leo hawajapatana. Jumuiya za Waarabu na Waislamu wa Marekani ziliilalamikia tangu mwanzo, kwamba inafunganisha udhu na bomu. Baada ya Septemba 11, 2001, wengine wakaisifu, ati ni utabiri.

Utabiri gani, jamani? Nairobi na Dar es Salaam zilikwisha lipuliwa Agosti 7 mwaka ule ule, miezi mitatu kabla filamu haijatoka.

Hebu tumtazame Frank Haddad (Tony Shalhoub), mpelelezi wa FBI mwenye asili ya Lebanoni. Wanajeshi wa Jenerali Devereaux wanamchukua mwanawe, wanamtia uwanjani, nyuma ya seng'enge, pamoja na mamia ya wanaume wa Kiarabu. Baba anatupa beji yake. Hapa filamu inasema kweli tupu, na hapa hapa inakimbia! Kijana hana onyesho lake mwenyewe. Kamera inarudi kwa Denzel Washington, na sisi watazamaji tunapumua.

Kwa hiyo waliolalamika nawaunga mkono, ila kwangu mimi udhu ni dosari ndogo. Kubwa ni kwamba waliofungwa wamefanywa umati tu, kama mapambo ya jukwaa. Mtu wa Nairobi anayeikumbuka Kasarani, Aprili 2014, Wasomali walipozuiliwa uwanjani wakikaguliwa vitambulisho, atauliza: mbona hawa wa Brooklyn hawasikiki?