Kasigau: Saini Ilienda kwa Asiye na Shoka

Mradi wa hewa ukaa wa Kasigau, Taita Taveta, uliteleza kabla mti wa kwanza haujapimwa, pale ilipoamuliwa nani atie saini. Haki za kaboni zilisainiwa na kampuni za ranchi, huku majirani wa Marungu, Sagalla na Kasigau wakiachiwa kamati za kaboni za lokesheni, za kugawa basari na miradi ya maji. Hilo lilikuwa kosa la wazi. Mchoma makaa wa kando ya ranchi si lazima awe na hisa hata moja, lakini tani ya hewa ukaa inayouzwa hupatikana pale anapoweka shoka chini na kuacha tanuri lipoe. Kipato kilichopotea ni chake, na kwenye mkataba hayumo. Stahili ya muuzaji anapewa kama msaada. Taita Taveta tunaujua mtindo huu: hifadhi ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, maji ya chemchemi za Mzima yakavutwa hadi Mombasa, na jirani akabaki mtazamaji. Sikatai kwamba doria na upimaji wa mradi ni kazi safi. Mwaka 2011 mradi huu ulikuwa wa kwanza duniani, kati ya miradi ya REDD+ ya kuzuia ukataji wa misitu, kupewa hati za kaboni za kiwango cha VCS.

Watetezi husema sheria humtambua mwenye ardhi, na kwamba huwezi kusaini mkataba na umati. Gazi, kule Kwale, walishalijibu hilo. Mikoko ni ya serikali; hakuna mwanakijiji wa Gazi wala Makongeni anayemiliki hata shina moja. Hata hivyo, tangu 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja unauza hewa ukaa ya hekta 117, kwa sababu wanavijiji waliunda chama na kukubaliana na Shirika la Huduma za Misitu (KFS) kuusimamia msitu kwa pamoja. Mkata boriti akawa muuzaji, na mivinje ikapandwa apate miti ya kujengea. Ni kweli Kasigau ina hekta kama 200,000, lakini ukubwa huo unadai saini nyingi zaidi, lokesheni kwa lokesheni. Wazee waliolinda fighi, misitu mitakatifu ya milima ya Taita, hawakuhitaji rejista ya wenye hisa. Kila jamii ilijua msitu wake na mwiko wake.

Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inadai mkataba na jamii, na kwamba jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi. Ni hatua njema, ila asilimia hugawa fedha, haigawi uamuzi. Kaunti isikubali mkataba wowote mpya ambao lokesheni haimo kama upande kamili, wenye haki ya kukataa.