Saa Moja ya Prince of Persia

Wasomaji wa hapa mmezoea kunikuta nikibishana kuhusu riwaya na mashairi. Leo nivumilieni kidogo, nataka kuzungumzia gemu. Tena si gemu jipya. Ni Prince of Persia la Jordan Mechner, lililotoka mwaka 1989 kwa kompyuta za Apple II, na mwaka 1990 likatoka toleo la MS-DOS, ambalo ndilo tulilolicheza sisi. Mwezi uliopita nimelirudia, nikabaki na swali ambalo naona linamhusu hata mtu ambaye hajawahi kugusa kibodi kwa ajili ya mchezo: kazi ya sanaa ikihamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine, ni kitu gani lazima kihame nayo ili ibaki kuwa yenyewe?

Nianze na tulivyokutana nalo. Mwaka 1999 baba mdogo alikuwa na kiduka cha kuchapa na kutoa fotokopi pale Tanga. Kompyuta yake ilikuwa ya mtumba, ina skrini nene kama televisheni za enzi hizo, na mwenyewe wa kwanza alikuwa amesahau gemu hili ndani yake. Mimi na mwanawe, ambaye kwetu ni kaka tu, tuliruhusiwa kucheza wateja wakiisha, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi adhana ya magharibi. Ikiadhiniwa tu, swichi ukutani inazimwa. Hakuna cha "bado kidogo, baba."

Ilikuwa karibu saa moja, na gemu lenyewe nalo linakupa saa moja. Sultani yuko vitani mbali. Waziri wake, Jaffar, amemfungia binti wa Sultani mnarani na kumpa dakika 60 achague: aolewe naye au afe. Wewe ni kijana anayempenda binti huyo, umetupwa shimoni bila hata kisu. Kuna hatua 12 za kupita: vigae vinavyoporomoka ukivikanyaga, miiba ya chuma inayochomoza sakafuni, mapanga yanayofunga na kufungua kama meno. Ukifa, unarudishwa mwanzo wa hatua uliyomo. Ila dakika hazirudishwi. Saa inaendelea kula.

Halafu kulikuwa na kile chumba cha chupa. Ukimaliza hatua ya kwanza ya toleo la DOS, unajikuta mahali penye chupa nyingi, kila moja na herufi yake, na maandishi yanakuamuru unywe ile yenye herufi ya kwanza ya neno fulani, katika mstari fulani, wa ukurasa fulani wa kijitabu kilichouzwa pamoja na gemu. Ndiyo ilikuwa kufuli ya kuzuia nakala za wizi. Sisi kijitabu hatukuwa nacho, wala hatukujua kama kuna kitu kama hicho. Tulikuwa tunabahatisha. Ukinywa isiyo yenyewe, unapungukiwa uhai. Tukabahatisha jioni baada ya jioni, na kila tulipopatia kaka aliandika kwenye daftari la hesabu: ukurasa, mstari, neno, herufi. Baada ya miezi kadhaa tulikuwa na kurasa mbili zilizojaa. Nikifikiria leo nacheka peke yangu. Watoto wawili tulikuwa tunakijenga upya kitabu tusichowahi kukiona, herufi moja moja, kwa kunywa sumu.

Hatukumaliza gemu. Baba mdogo aliuza ile kompyuta, maisha yakaendelea.

Sasa mwezi uliopita nikapata nakala. Nikabofya mara mbili kwenye kompyuta yangu mpya kabisa, nayo ikaniambia kwa adabu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi hapa. Kusema kweli niliumia kidogo, kama mtu aliyefukuzwa mlangoni kwa bibi yake. Sababu yenyewe si ya ajabu. Gemu liliandikwa kwa mtindo wa biti 16, na lilizoea kuwa peke yake kwenye mashine: linashika skrini, linashika spika, linashika saa, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Mifumo ya biti 64 ya leo hairuhusu hivyo. Hata prosesa yenyewe, ikishaingia kwenye hali ya biti 64, ile njia ya zamani ya kuendeshea programu za DOS inakuwa imefungwa.

Dawa yake ni programu inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Wenyewe huiita emuleta. Niliyotumia mimi ni DOSBox, ambayo ipo tangu mwaka 2002 na haiuzwi. Ukishaiwasha, gemu linaamini kwamba liko nyumbani. Linaongea na kadi ya sauti ambayo haipo, linasoma diski ambayo haipo, nalo linajibiwa.

Lakini kumjibu siyo kumwelewa. Mara ya kwanza nilikuwa nimeweka kasi ndogo mno. Kijana alitembea kama anakanyaga uji, muziki ukakoroma. Nilipotazama saa yangu ya mkononi, saa nzima ilikuwa imeshapita, ilhali gemu linaniambia bado nina dakika za kutosha. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kama mhakiki na si kama mzee anayetafuta utoto wake. Kwa sababu kama saa moja siyo saa moja, basi hii nayo siyo Prince of Persia.

Tazama jinsi gemu hili lilivyoundwa. Mechner alimrekodi mdogo wake, David, kwa video, akikimbia, akiruka, akining'inia ukutani, kisha akachora juu ya picha hizo fremu kwa fremu. Ndiyo maana kijana huyu ana uzito wa mwili. Akikimbia hawezi kusimama papo hapo; anateleza hatua moja. Akitaka kuruka mbali, lazima apate mbio kwanza. Magemu mengi ya wakati ule mhusika alikuwa kama kikaragosi, unamsukuma anakwenda. Huyu unamwamuru, halafu unasubiri mwili wake utii, na katika kusubiri huko ndiko kunakoingia hofu. Mwili mzito na saa inayokwenda: hadithi nzima imejengwa juu ya vitu hivyo viwili. Maneno yaliyoandikwa ni machache sana, lakini hadithi ipo, nayo unaisikia tumboni.

Kisha kuna kivuli. Katika hatua ya nne unakuta kioo kimekuzibia njia. Hakuna njia nyingine ila kukimbia na kukirukia. Ukipita, kivuli chako kinatoka upande wa pili na kukimbia zake, nawe unabaki na tone moja tu la uhai. Kuanzia hapo kivuli hicho kinakufuata kama deni. Hatua inayofuata kinawahi na kunywa dawa uliyokuwa unaifuata. Baadaye kinakufungia lango usoni na kukuacha uporomoke. Mwishoni, hatua ya 12, kinakusimamia na upanga. Unapigana nacho, na kila unapokichoma, damu inakutoka wewe. Ukikiua, umekufa. Jawabu ni kurudisha upanga alani na kukiendea mikono mitupu, mkawa mtu mmoja tena.

Mechner ameeleza kwamba kivuli hiki kilizaliwa kwa ufinyu. Kumbukumbu ya Apple II ilikuwa imejaa, hakuwa na nafasi ya kuchora adui mpya, basi akatumia picha zilezile za kijana na kuzigeuza kwa hila ya kihesabu. Wanaodhani ufundi ni kuwa na nafasi ya kutosha wamsome mtu huyu. Mshairi anayefungwa na mizani na vina angemwelewa mara moja.

Si kwamba halina dosari. Binti wa Sultani hana kazi zaidi ya kukaa na kutazama shisha ya mchanga. Tendo lake pekee ni kumtuma panya aje kukufungulia lango. Na huyo Jaffar! Msomaji wa Alfu Lela Ulela anamjua Jaafar kama waziri anayezunguka mitaa ya Baghdad usiku pamoja na Harun Rashid, mtu mwenye akili na huruma. Huku Magharibi sinema zilishamgeuza kuwa mchawi mwovu tangu The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, na Mechner akampokea hivyohivyo. Uajemi wake ni wa sinema, hakuna Mwajemi aliyeishi mle. Nalisema hili kwa kuwa ukilipenda gemu ukiwa na miaka 11, ukilirudia ukiwa mtu mzima lazima ulipime upya.

Turudi kwenye kuhamisha. Mpwa wangu ana miaka 12. Aliponiona nahangaika, akaniomba ajaribu. Emuleta aliyotumia yeye kwenye kompyuta yake ina uwezo wa kugandisha gemu mahali popote: unabonyeza kitufe kabla ya kuruka, ukianguka unabonyeza kingine, unarudi ulipokuwa, pamoja na dakika zako zote. Alimaliza jioni moja. Akaniangalia. "Mjomba, mbona rahisi hivi? Hadithi yenyewe iko wapi?"

Sikukasirika. Alikuwa na haki. Kila picha aliiona, kila sauti aliisikia, pikseli hazikupungua hata moja. Kilichokosekana ni saa. Alipigana na kivuli chake bila kuogopa, kwa sababu kufa kulikuwa hakumgharimu kitu. Toleo la DOS lina namna yake ya kuhifadhi, ndiyo, lakini linakurudisha mwanzo wa hatua, na dakika ulizokwisha kuzitumia zimekwenda. Mtunzi alijua anachokuruhusu na anachokunyima.

Nimewaza sana kuhusu Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu na kwenye karatasi za hati za Kiarabu, mpaka Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyakusanya, na W. Hichens akayachapa kwa hati za Kirumi mwaka 1940. Bila kuhamishwa huko, wengi wetu tusingemsoma. Lakini hati ya Kiarabu ilimtaka msomaji awe tayari ameyasikia maneno. Irabu nyingine alizijaza mwenyewe kwa kuijua lugha na watu wake. Hati ya Kirumi ilituamulia. Tulipata njia, tukapoteza kazi ile ya msomaji. Sijutii. Nasema tu kwamba anayehamisha huwa anachagua, na ni vizuri ajue anachagua nini.

Mwaka 2012 baba yake Mechner, ambaye ndiye aliyetunga muziki wa gemu hili, alikuta kabatini boksi la diski za zamani zenye msimbo wa awali, ule wa Apple II, ambao mwanawe alikuwa ameutafuta kwa miaka. Wajuzi wakasaidia kuzisoma, na Mechner akauweka msimbo hadharani mtandaoni. Nimeufungua. Ni maandishi, unaweza kuyasoma kama muswada wowote. Lakini sikuiona saa mle ndani. Niliona maagizo ya kuhesabu tu. Saa inakuwepo pale mtu anapokaa mbele yake na ana cha kupoteza.

Basi nikafanya hivi. Nikarekebisha kasi ya DOSBox, nikailinganisha na saa ya ukutani hadi dakika ya gemu ikawa dakika. Nikajiwekea sharti: sihifadhi kitu. Nikaanza saa kumi na moja na nusu jioni. Nilishindwa siku tisa. Chumba cha chupa hakikuwepo kwenye nakala yangu, kuna mtu alishakiondoa siku nyingi, na nikajikuta nakitamani, mimi niliyekilaani. Siku ya kumi nikafika kwa kivuli nikiwa na dakika sita. Mikono ilikuwa inatoka jasho. Nilijua jawabu, nimelisoma kila mahali, bado nilikichoma mara mbili kabla sijathubutu kurudisha upanga. Kujua siyo sawa na kuthubutu, na hakuna kitabu kilichowahi kunifundisha hilo kwa vidole.

Nilimpigia kaka usiku ule. Hakuuliza mwisho wake ukoje. Aliuliza kama lile daftari la hesabu ninalo mimi. Nilidhani analo yeye.

Ukilitafuta gemu hili, na nakushauri ulitafute, usijali sana kama picha zinajaa skrini au zina mistari. Pima saa. Zima kitufe cha kugandisha. Na kama utabahatika kupata nakala yenye chumba cha chupa, usikiruke. Tafuta daftari.