Kanga Dirishani Inasema na Nani?

Miaka miwili iliyopita niliacha kazi ya kusimamia mitandao ya kompyuta, nikakaa kwenye cherehani. Nashona mapazia ya kuagizwa, kila dirisha na lake, hapa Morogoro, mji kasoro bahari. Mjomba wangu hajanisamehe mpaka leo. "Umesoma miaka yote ile uje kuwa fundi mapazia?" Simlaumu. Ila swali lake nataka nilijibu kihakiki: pazia linaweza kuwa sanaa, au najidanganya tu?

Nianze na kazi yangu mbovu. Dirisha la sebule, Kigurunyembe, linatazama Uluguru moja kwa moja. Nikamshonea mteja safu ya milima: vipande vya kitenge cha kijani vikipandana, na juu yake kitambaa cheupe chepesi kuwa ukungu. Akafurahi, majirani wakaja kupiga picha. Mimi nilipokaa kwenye kochi lake niliona aibu. Nimeuziba mlima kwa picha ya mlima! Ule wa kweli uko nyuma ya kitambaa, unabadilika kila saa. Wangu umeganda saa nne asubuhi. Ufundi ulikuwepo, wazo halikuwepo.

Kazi ya pili niliifanya kwa kanga. Kanga, kama mjuavyo, ina pindo, mji na jina. Mafundi wengi wa mapazia wanaikata kama kitambaa kingine chochote; msemo unakatika katikati, nusu inapotelea kwenye mkunjo. Kwangu mimi huko ni kumkata mtu kauli. Nikaitundika nzima, upande wa maandishi ndani. Mchana jina linasomeka vizuri kwa aliye sebuleni. Usiku, taa ikiwashwa, pamba nyepesi inapitisha mwanga, na mpita njia anaona herufi zimegeuka nyuma mbele. Mwilini, kanga hufikisha salamu au kijembe kwa jirani. Dirishani inamsema mwenye nyumba, jirani anaambulia mnong'ono. Hapo nikajua nimeshika kitu.

Ndipo nikamrudia Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akakulia Uingereza kwa mama mbunifu wa vitambaa, akasomea usanifu wa jukwaa, na mwaka 2017 akapata tuzo ya Turner. Amechora kazi zinazofuata umbo la kanga: pindo pembeni, picha katikati, maneno chini yake. Nimeziona pichani tu, na nazipenda, lakini nina ugomvi nazo. Kanga iliyochorwa ikapachikwa ukutani ina upande mmoja. Haipepei, na haina mbaya wake. Jina la kanga linataka mlengwa, yule anayelisoma halafu anajifanya hajaliona. Kwenye ukumbi wa maonyesho kila mtu ni mlengwa, kwa hiyo hachomwi mtu. Sidhani kwamba Himid hajui hilo. Pengine ndiyo hasara aliyokubali ili maneno yafike mbali.

Mimi nimekubali hasara nyingine. Sasa nachukua doti, kanga mbili za jina moja, nazigeuziana migongo. Mchana kila upande unasomeka. Usiku taa ikiwaka, maandishi mawili yanapandana, moja sawa, moja kinyume, na hakuna anayeelewa kitu. Nilimwambia mteja kwamba hiyo ni kasoro, nikampa nafasi ya kuikataa. Akacheka: "Acha hivyo hivyo. Ndiyo ndoa yenyewe, mchana tunaelewana."

Kwa hiyo jibu langu kwa mjomba ni hili. Ile milima ya kitenge ungeweza kuihamishia ukuta wowote isipungukiwe kitu, ni pambo. Ile doti ukiitoa dirishani inabaki kanga mbili tu. Inahitaji jua, taa, na mtu wa ndani na wa nje. Hiyo ndiyo naiita sanaa ya pazia, na hadi sasa nimeifanya mara moja.

Mjomba alikuja wiki iliyopita. Alisimama barabarani usiku, shingo upande, akijaribu kusoma. Hakusema kitu kuhusu kazi yangu. Aliuliza tu imeandikwa nini.