Tuna majina ya mitambo, maelekezo ya kuitumia yako wapi?

Julai 7 ya mwaka mmoja uliopita, nilikuwa miongoni mwa waalikwa katika ukumbi wa chuo fulani humu nchini kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Mtoa mada wa kwanza alikuwa ameandaa slaidi kuhusu ukuaji wa istilahi za teknolojia. Alichomeka kebo kwenye kipakatalishi chake, akasubiri. Ukutani kukabaki mwanga wa buluu mtupu.

Kilichofuata ndicho kiini cha makala haya. Ukumbi uliojaa wahadhiri, walimu na wahariri wa Kiswahili uligeuka ghafla kuwa ukumbi wa Kiingereza. Huyu anapaza sauti kutoka nyuma abonyeze kitufe fulani, yule anataka mashine izimwe iwashwe upya, na wote wanasema hayo kwa lugha ambayo hatukuwa tumekuja kuiadhimisha. Hata mimi, sitaki kujitoa lawamani, ushauri niliotoa ulikuwa wa Kiingereza.

Aliyetuokoa ni kijana fundi wa chuo. Aliitazama projekta, akasema kwa utulivu: “Hii waya iko sawa. Shida ni projekta inangoja picha kwa tundu lingine. Wacha tuiambie iangalie hili.” Akabonyeza rimoti mara mbili, picha ikatokea. Mwenzangu mmoja akainama kuninong’onezea kwamba kijana amekosea ngeli; ilipasa aseme “waya huu”. Ni kweli. Lakini mwenzangu huyo ndiye aliyekuwa akipiga kelele kwa Kiingereza dakika moja kabla.

Hayakuishia hapo. Mtoa mada alipofika kwenye video ya mtu anayeghani utenzi, midomo ilicheza bila sauti. Fundi akarudi na kueleza kuwa kebo ile ya VGA hupitisha picha pekee. Sauti haina njia humo. Kebo ya HDMI ingebeba vyote viwili. Akachomeka waya mwembamba kwenye tundu la visikizi vya kipakatalishi, upande wa pili akauingiza kwenye spika. Utenzi ukasikika. Maelezo yake hayakuzidi sentensi tatu, na hapakuwa na mtu ukumbini ambaye hakuyaelewa.

Hoja yangu ni kwamba sisi wanaistilahi tumeshughulika mno na nomino tukasahau vitenzi. Tumebishana miaka na mikaka iwapo tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tumebuni “kipakatalishi” kutokana na kitenzi “pakata”. Wenzetu wa Tanzania nao wakatumia kitenzi kicho hicho kupata “kompyuta mpakato”. Ni kazi nzuri. Ila jina hilo linatueleza kifaa hukaa wapi, mapajani, wala halimwelezi mwalimu afanye nini kisipozungumza na projekta.

Tazama vitabu vingi vya kiada. Mada ya teknolojia huwa orodha ya msamiati: kipanya, baobonye, kiwambo, na kadhalika. Mwanafunzi huikariri, huulizwa kwenye mtihani, akapata alama zake, mchezo ukaisha. Ni nadra kukuta aya inayomfundisha kuunganisha kifaa kimoja na kingine hatua kwa hatua. Msamiati usiotumiwa kutenda jambo ni kama vyombo vya kabatini vinavyosubiri mgeni asiyefika.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Nakataa. Hebu tujaribu:

Weka projekta mkabala na ukuta mweupe. Chomeka kichwa kimoja cha kebo kwenye kipakatalishi na kingine kwenye projekta. Washa vyote viwili. Picha isipotokea, tumia rimoti kuchagua tundu ulilochomekea kebo. Ikiwa bado, na kipakatalishi chako kinatumia Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha uchague picha ionekane kotekote au ukutani pekee. Picha ikiwa na ukungu, zungusha lenzi polepole. Ukimaliza, zima projekta kwa kitufe chake, na usichomoe waya wa umeme hadi feni itulie, kwa maana taa huwa ingali moto.

Katika aya hiyo nimekopa projekta, kebo, rimoti, lenzi na feni, na sioni haya. Lakini vitenzi vinavyobeba kazi yenyewe, chomeka, washa, chagua, bonyeza, zungusha, chomoa, vyote ni vyetu tangu jadi. Anayedai lugha imepungukiwa hajaitumia.

Suala hili si la makongamano tu. Tangu 2016, serikali ilipoanza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, projekta ilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyopelekwa. Mwalimu wa Kiswahili anayeacha lugha yake kila waya unapokataa kushika anawafunza watoto somo ambalo halimo kwenye silabasi: kwamba Kiswahili ni cha mashairi na methali, na mambo yakiharibika hutafutwa lugha nyingine. Watoto hulishika somo hilo upesi kuliko ngeli.

Ningependekeza mambo mawili. Kwanza, kila orodha ya istilahi inayochapishwa iandamane na maelekezo ya matumizi, na maelekezo hayo yajaribiwe na mtu asiye mtaalamu. Akishindwa kuwasha mtambo, basi turudi mezani. Pili, kabla ya kujifungia hotelini kubuni maneno, twende tukasikilize mafundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, wanavyomweleza mteja. Tutakachookota huko kitahitaji kupigwa msasa, ngeli zikiwemo, lakini kitakuwa Kiswahili kinachofanya kazi.

Siku ile, mtoa mada alimaliza kwa kuwashukuru wafadhili, wasomi na wageni waheshimiwa. Yule kijana alikuwa mlangoni akikunja nyaya. Hakuna aliyemtaja.