Kiingereza cha tiba Rusizi kianzie kwenye faili la mgonjwa

Oktoba 2008 baraza la mawaziri la Rwanda liliamua Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Mwaka 2012 ukaanza mpango mkubwa wa kuongeza wataalamu wa afya, wahadhiri wa vyuo vikuu vya Marekani wakifundisha bega kwa bega na Wanyarwanda. Matokeo yake, katika hospitali kama Gihundwe au Mibilizi, wilayani Rusizi, muuguzi aliyesomeshwa kwa Kifaransa anaweza kumkabidhi zamu kijana aliyesomeshwa kwa Kiingereza, na wote wanaandika kwenye faili lilelile.

Wengi hudhani kikwazo ni majina marefu ya magonjwa. Sikubaliani nao. Majina hayo yametoka Kigiriki na Kilatini, na lugha zote mbili zimeyarithi. Anayejua hépatite hapotezwi na hepatitis. Kinachopoteza watu ni vitu vidogo: shinikizo la damu linaandikwa TA kwa mmoja, BP kwa mwingine, kliniki ya wajawazito ni CPN huku, ANC kule, chumvi ya kutibu kuharisha ni SRO au ORS. Kibaya zaidi ni maneno pacha yasiyo ndugu. Angine ya Kifaransa ni mafindofindo, ilhali angina ya Kiingereza, ikiandikwa peke yake, kwa kawaida ni maumivu ya kifua kwa sababu moyo haupati damu ya kutosha. Mgonjwa wa kwanza hupewa dawa akaenda nyumbani. Wa pili huenda asiifikie asubuhi. Tarakimu nazo zina mtego: 1,250 kwa desturi ya Kifaransa ni moja na robo, kwa ya Kiingereza ni elfu moja mia mbili hamsini. Kwenye kipimo cha dawa, hilo si kosa la mwandiko.

Ndiyo maana kozi ya Kiingereza inayoanza na hadithi na salamu naiona inapoteza muda wa watu wanaotoka zamu ya usiku. Atasema mtu: bila sarufi nyumba haina msingi. Kweli, lakini ipo sarufi ya wodini: tofauti ya amepewa, apewe na asipewe. Ifundishwe hiyo kwanza, kutoka kwenye cheti cha dawa na ripoti ya zamu. Mwingine atauliza kwa nini isiwe Kinyarwanda chote. Mgonjwa azungumziwe Kinyarwanda, au Kiswahili akitaka, na hilo lisiguswe. Kiingereza ni cha wahudumu wao kwa wao, na cha vitabu vya mafunzo ya sasa.

Kwa Rusizi nisingefuta Kifaransa. Bukavu, nchini Kongo, iko ng'ambo ya Mto Ruzizi, na hospitali zake huandika kwa Kifaransa; mgonjwa akivuka daraja na karatasi yenye ATCD (historia ya magonjwa) na HTA (shinikizo la juu la damu), lazima apatikane wa kuzisoma. Basi daftari la mwanafunzi liwe na safu mbili, kila kifupisho na mwenzake, na mtihani uulize pande zote mbili.