Nani Aliyemfufua Babu? Hofu na Ladha katika Usomaji wa Riwaya za Kiajabu Mkoani, Pemba

Makala haya yamezaliwa na swali lililoulizwa barazani. Tulikuwa wasomaji saba, Mkoani, si mbali na gati wanakoteremka abiria watokao Unguja, na nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu: *Babu Alipofufuka* (2001), riwaya ya Said Ahmed Mohamed. Msomaji aliyekuwa na zamu ya kusoma kwa sauti alitaja jina la kitabu, na kabla hajafungua ukurasa wa kwanza mzee mmoja, fundi wa majahazi, akamkatiza: “Hebu ngoja, Maalim. Huyo babu, nani aliyemfufua?”

Katika uhakiki nilioupitia, swali hilo sikuliona. Riwaya hii huwekwa pamoja na *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Euphrase Kezilahabi, *Walenisi* (1995) ya Katama Mkangi, *Ziraili na Zirani* (1999) ya William Mkufya na *Bina-Adamu!* (2002) ya Kyallo Wamitila, kisha kundi zima likapewa jina: uhalisiajabu kwa wengine, riwaya ya majaribio au ya kiusasabaadaye kwa wengine. Majina hayo yana kazi yake. Hata hivyo, yote yanaanza na dhana kwamba ajabu ni ishara, na kwamba wajibu wa msomaji ni kuifumbua ishara hiyo upesi ili afike kwenye maana, ambayo aghalabu huwa ni siasa. Makala haya yanadai kwamba haraka hiyo inatupotezea kitu ambacho wasomaji wa Mkoani hawakukubali kukipoteza, nacho ni hofu. Hofu hiyo, tutakavyoona, ndiyo pia ladha yao.

Turudi kwenye swali la fundi. Kitenzi *kufufuka* kiko katika kauli ya kutendeka. Kinatuonyesha aliyepatwa na hali, kinamnyamazia mtenda. *Kufufuliwa* kungetuachia nafasi ya kuuliza “na nani?”, na katika mazungumzo ya Waislamu wa Pemba jibu lake linajulikana: ni Mwenyezi Mungu, na ni Siku ya Kiyama. Masimulizi ya visiwani yanamjua mtenda mwingine, mchawi anayemtoa mtu kaburini amtumikishe. Mwandishi ameikwepa milango yote miwili. Babu wake hakuitwa na Mola wala hakutolewa na mchawi. Amefufuka tu, kana kwamba ni mtu aliyeamka usingizini akatafuta viatu vyake. Msomaji aliyezoea kuhakiki hupita juu ya kiambishi hicho bila kusita. Fundi alisita, na baraza zima likasita pamoja naye, kwani maiti anayerudi kwa hiari yake mwenyewe ni jambo ambalo hakuna dua wala kafara iliyoandaliwa kulikabili.

Katika riwaya, marehemu huyo anamtokea mjukuu wake K, kigogo aliyenenepa kwa mali ya umma, na kumlazimisha kuyaona maisha ambayo amekuwa akiyapita kwa kasi. Wahakiki humsoma Babu kama dhamiri, au kama historia, au kama ahadi za uhuru zilizosalitiwa. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Ila Mkoani mjadala ulichukua njia nyingine, na ulidumu siku tatu: Babu ni mzuka au ni mzimu? Kwa wasomaji wale tofauti ilikuwa kubwa. Mzuka huzuka, humtaki, hukumwita, na ukiondoka umeondoka. Mzimu hukaa mahali pake, pangoni, chini ya mbuyu, au kwenye magofu, na mtu ndiye huufuata kwa ubani na heshima. K hakumtafuta Babu, kwa hiyo ni mzuka. Lakini Babu anasema, anaongoza njia, anadai haki ya ukoo, na mzuka haufanyi hayo.

Mwalimu mmoja wa kike, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema kwamba Babu ni mzimu uliochoka kungoja wageni.

Nimeyapima maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, na sijapata sentensi nyingine juu ya riwaya hii inayoieleza vyema zaidi. Inageuza mpangilio wote wa kitabu. Kosa la kwanza la K linakuwa si ufisadi bali kutokwenda: ameacha kuzuru, ameacha kuuliza, ameukata mguu wake mahali ambapo wazee wake walikuwa wakienda. Ufisadi unafuata kama tokeo. Na Babu anaacha kuwa alama ya wakati uliopita. Anakuwa mdai aliyeamua kulifuata deni lake nyumbani kwa mdaiwa. Tafsiri ya kisiasa haikufutwa hapo, imepewa mwili. Jambo ninalolisisitiza ni kwamba mwalimu asingeifikia kama angeanza kwa kusema “Babu anaashiria”. Aliifikia kwa kumchukulia Babu kuwa ni Babu, na kumwogopa.

Inafaa hapa kueleza kwa nini usomaji huu ulikuwa wa pamoja, na kwa nini ukosefu wa nakala si sababu ya kutosha. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, hofu ya Popobawa ilianza Pemba kisha ikavuka hadi Unguja. Watu waliacha vyumba vyao wakalala nje, majirani kwa majirani, moto ukiwa katikati. Miongoni mwa yaliyosimuliwa ni kwamba aliyeshambuliwa usiku alitakiwa kuwaeleza wenzake; akificha, jitu hilo litarudi. Ukweli wa habari hizo haunihusu hapa. Umbo lake ndilo linalonihusu: kisa cha kutisha kinachomwamrisha aliyekipata akigawe. Kwa watu waliolala nje mwaka ule, na kwa watoto wao, hadithi ya kutisha isomwayo na mtu peke yake chumbani ni hadithi ambayo haijakamilika. Nadharia zetu za upokezi zinamjua msomaji mmoja na kitabu chake. Zinahitaji baraza.

Nitangulie kukiri hatari iliyopo. Evelyn Waugh aliitembelea Pemba na kuieleza katika *Remote People* (1931) kama kitovu cha uchawi, na tangu hapo wageni wengi wamerudia sifa hiyo bila kuuliza. Sitaki kuwa mmoja wao. Kati ya wasomaji saba, wawili walitangaza tangu mwanzo kwamba hawaamini mizimu, mizuka wala mashetani. (Mmoja wao, ilipoingia isha, aliomba abadilishane nafasi na mwenzake aliyekuwa amekaa mbali na mlango wa uchochoro.) Kuamini si sharti la kuogopa, kama ambavyo mtazamaji wa ngoma si lazima awe na shetani kichwani ndipo atikisike.

Kisa cha *Kivuli Kinaishi* (1990), tamthilia ya mwandishi yuleyule, kinaonyesha hasara tunayoizungumza. Ni tamthilia, si riwaya, lakini vijana wawili wa baraza letu ndiyo waliyoijua zaidi, kwa kuwa walikuwa wameisoma shuleni. Mandhari yake ni Giningi, na mtawala wake ni Bi Kirembwe, majina ambayo masimulizi ya visiwani yanayajua tangu zamani: Giningi ni mji wa wachawi. Nilipowauliza vijana tamthilia inahusu nini, walijibu kama walivyofundishwa kujibu: dhamira ni uongozi mbaya, unyonyaji, ukombozi. Ndipo mama mmoja mtu mzima akawauliza kama wanajua alichoambiwa yeye na bibi yake kuhusu Giningi. Hawakujua. Akawaeleza, kwa sauti ya chini, nasi tukasogea. Alipomaliza, kijana mmoja akasema kwamba ameufanyia mtihani mji huo na hakuwahi kuogopa kuingia.

Hili si kosa la vijana. Ukimpa mwanafunzi ufunguo kabla ya mlango, atauthamini ufunguo. Said Ahmed Mohamed aliichagua Giningi, akaacha nchi nyingine yoyote ya kubuni, kwa sababu jina hilo lilikuwa na giza lake tayari. Udikteta wa Bi Kirembwe unauma kwa kuwa unakaa juu ya hofu ya utotoni. Mama yule hakuhitaji kuelezwa istiari. Mara moja alimweka Bi Kirembwe karibu na Mkamandume, yule mtawala wa Pujini ambaye masimulizi ya kisiwa yanasema aliwalazimisha watu wabebe mawe huku wakijikokota kwa makalio. Magofu yake yapo hadi leo. Katika kisiwa hiki dhalimu huwa nusu tarehe na nusu hekaya, na haionekani kuwa nusu moja inaifasiri nyingine.

*Bina-Adamu!* haikufanikiwa barazani, na nadhani sababu inaeleweka. Wamitila amejenga fumbo lake la utandawazi juu ya Peter Pan, mtoto wa J. M. Barrie asiyetaka kukua, na kumgeuza kuwa nguvu ya uharibifu. Ugeuzaji huo ni wa kijanja, lakini unamtaka msomaji awe ameshampenda mtoto huyo kwanza. Wasomaji wa Mkoani hawakumjua, hivyo hapakuwa na kitu cha kugeuzwa. Jina lile halikuwa na usiku wowote nyuma yake. Kinyume chake *Adili na Nduguze* (1952) ya Shaaban Robert, ambayo kisa chake kina nasaba na Alfu Lela Ulela, iliwashika tangu mwanzo. Tumezoea kuifundisha kama kitabu cha maadili. Baraza liliona kwanza mtu anayewachapa manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake. “Huo wema gani?” aliuliza fundi, na sikuwa na jibu la haraka.

Tulimaliza *Babu Alipofufuka* usiku wa kumi na moja. Fundi hakulirudia swali lake. Aliomba nakala akamsomee nduguye aliye Makoongwe, ng'ambo ya bandari, ambaye haoni tena vizuri, akaahidi kuirudisha Ijumaa. Ijumaa ile alikuja mikono mitupu: kule nako, alisema, wamefika katikati na hawataki kuachia.